Utafiti vijijini: Ridhaa ya mwenyekiti si ridhaa ya mwanakijiji

Na Mwandishi Wetu

TAIFA linalotaka kujua hali ya malaria, maji, ardhi au elimu halina budi kupeleka watafiti vijijini. Hata hivyo, mtafiti anayeshuka kwenye gari la taasisi akiwa na hojaji mkononi na mkulima anayetakiwa kuijibu hawana nguvu sawa. Maadili ya utafiti yamewekwa ili kumlinda huyo wa pili.

Fundisho la Alabama

Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 wa Wilaya ya Macon, Jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", na hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940, hawakupewa. Rais Bill Clinton aliwaomba radhi Mei 1997.

Mwaka 1964, Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki kuhusu utafiti unaohusisha binadamu. Limerekebishwa mara kadhaa, hivi karibuni mwaka 2024.

Vibali

Nchini Tanzania, vibali vya utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya hupitiwa pia kimaadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kisha mtafiti hujitambulisha mkoani, wilayani, katani na hatimaye kijijini.

Barua yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji humfungulia mtafiti mlango, lakini haimlazimishi mtu yeyote kujibu. Kila mhusika hana budi kuelezwa kwa lugha anayoielewa lengo la utafiti, madhara yanayoweza kutokea, na haki yake ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Nauli na muda wake vinaweza kufidiwa, ila fedha isiwe nyingi kiasi cha kumfanya akubali kwa sababu ya njaa.

Damu na uvumi

Katika pwani ya Afrika Mashariki, simulizi za mumiani anayedaiwa kunyonya watu damu zimekuwapo tangu enzi za ukoloni. Mtafiti anayechukua damu bila kueleza ni kiasi gani na inakwenda wapi huzipa nguvu. Huko Kilifi, Kenya, mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza mwaka 1989, hushirikiana na wawakilishi waliochaguliwa na wakazi wenyewe ili kupokea maswali na malalamiko.

Matokeo yarudi

Malalamiko mengine ni kwamba watafiti huondoka na majibu wasirudi tena. Mwaka 2017, Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe, zikidai heshima, ukweli, haki na kujali.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu swali la kwanza, mwanakijiji ana haki ya kuuliza: Kibali kiko wapi? Majibu yangu yatahifadhiwa vipi? Matokeo tutayasikia lini?