Fundi wa Mtambo katika Historia ya Radio za Jamii za Kivu

Historia ya radio za jamii katika Kivu huandikwa mara nyingi kwa kufuata tarehe za amri. Tarehe hizo zajulikana. Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, na tangu hapo ukaanza kulegea ukiritimba wa OZRT, shirika la serikali ambalo hadi wakati huo ndilo peke yake lililokuwa na haki ya kisheria ya kurusha matangazo nchini Zaire. Mwaka 1993 mashirika ya maendeleo ya Kivu Kusini yakaanzisha Radio Maendeleo mjini Bukavu, miaka mitatu kabla ya sheria ya tarehe 22 Juni 1996 iliyoweka kanuni za uhuru wa vyombo vya habari. Wakati wa vita, uongozi wa RCD uliifunga radio hiyo Julai 1999, ukaifunga tena Desemba 2002; na mji ulipotekwa na askari waasi Juni 2004, waandishi wa habari walilazimika kukimbia.

Hayo yote yanastahili kukumbukwa. Lakini msomaji anayeishia hapo atadhani kwamba radio hunyamaza kwa amri tu, na kwamba amri ikiondolewa sauti hurudi yenyewe. Upo ukimya wa pili, usio na sahihi wala muhuri: ukimya wa umeme uliokatika, wa kebo iliyoingia maji, wa feni iliyosimama. Anayepambana nao ni mtu mmoja au wawili, ambao msikilizaji hajapata kuwasikia wakitajwa.

Umeme ndio mwanzo wa taabu. Bukavu imejengwa juu ya vilima na rasi za kusini mwa Ziwa Kivu, mahali Mto Ruzizi unapotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Kituo cha Ruzizi I, cha mwishoni mwa miaka ya 1950, kilijengwa kwa uwezo wa takriban megawati 30. Ruzizi II, kilichokamilika 1989, kina takriban megawati 44, nazo hugawanywa kati ya nchi tatu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Mji uliopokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya mashambani ulikua haraka kuliko nyaya zake. Tena taka za mji, hasa chupa za plastiki, huteremshwa na maji ya mvua hadi ziwani, zikaelea hadi kwenye bwawa na kuziba njia ya maji yanayozungusha mashine. Chupa iliyotupwa mtaroni yaweza hivyo kuikata taarifa ya habari ya jioni, na mwenye kuitupa akabaki akiilaumu radio.

Umeme unapokuwapo pia haukosi hila. Jioni, saa ambayo wasikilizaji ni wengi, ndiyo saa ambayo majiko na taa za mji mzima huvuta kwa pamoja, volti zikashuka chini sana ya 220 zinazotarajiwa. Ukikatika, hatari kubwa zaidi ni wakati wa kurudi, kwa maana hurudi kwa kishindo. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu hukimbilia swichi mara tu giza linapoingia, huuzima mtambo kwa mkono, na umeme ukirudi hungoja dakika kadhaa utulie kabla ya kuuwasha. Kwa msikilizaji, dakika hizo ni uzembe. Kwa fundi, ni tofauti kati ya kunyamaza dakika kumi na kunyamaza miezi mitatu, muda wa kuagiza kifaa kutoka ng'ambo na kukikomboa forodhani.

Radi inastahili nafasi yake peke yake. Utafiti wa data za satelaiti uliochapishwa 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya mahali pote duniani, kwa mimweko 233 ya radi kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Mahali pa pili, kwa mimweko 205, ni Kabare, jina la wilaya ile ile inayopakana na Bukavu. Na radio ya FM haina budi kujitokeza: mawimbi yake hayapindi kilima, hivyo mlingoti husimamishwa juu, pale pale radi inapopapenda. Kinga yake imo chini ya udongo. Vyuma vya shaba huzikwa na kuunganishwa na mlingoti ili umeme wa radi upate njia fupi ya kwenda ardhini. Udongo ukiwa mkavu au wa mawe, fundi huuchanganya na mkaa na chumvi, akaumwagia maji wakati wa kiangazi. Kumwagilia mahali pasipopandwa kitu ni kazi inayochekesha wapita njia, lakini asiyeifanya hujuta mvua za Septemba zinapoanza.

Mvua yenyewe huharibu kimyakimya. Maji yakipenya katika kiungio cha kebo na antena, sehemu ya nguvu iliyotumwa juu hurudi chini kwenye mtambo. Mitambo mingi ikihisi hivyo hujipunguzia nguvu ili isiungue. Radio haizimiki, ila kijiji cha mbali huanza kusikia mchakato badala ya maneno. Huko watu husema radio imefifia au imenunuliwa. Fundi husoma kipimo cha nguvu inayorudi, hupanda mlingoti, hufungua kiungio, hukikausha na kukifunga upya kwa utepe na mpira.

Ndani ya studio, kazi ya miaka ya 1990 ilikuwa ya kanda: kusafisha vichwa vya vinasa sauti kwa pamba na spiriti, kubadilisha mikanda iliyolegea, kuokoa kanda iliyokwaruzika. Kompyuta ziliondoa taabu hiyo zikaleta nyingine, virusi na vumbi, na juu ya yote mazoea ya kufuta. Kanda iliyochakaa hubaki kabatini. Faili iliyofutwa haimwachii mwanahistoria kitu.

Kwa mtaalamu wa Kiswahili liko jambo jingine. Ufundi huu hufundishwa kwa mdomo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa: jenereta ya Dar es Salaam, Bukavu ni grupe, na mtambo wa kurushia ni emeteri. Lakini maelezo ya kiwandani huja kwa Kifaransa au Kiingereza. Ujuzi wa mkaa na chumvi, au wa dakika za kungoja, haumo katika vitabu hivyo. Fundi akihama au akifa, huondoka naye. Wafadhili nao, waliotoa mitambo kwa ukarimu, hawakupenda sana kulipia mafuta, fyuzi na mshahara wa mtu wa zamu ya usiku, kwa kuwa vitu hivyo havizinduliwi kwa sherehe.

Hapo ndipo ukimya wa aina mbili hukutana. Mtambo uliofungiwa kwa amri miezi mingi katika chumba chenye unyevu haubaki kama ulivyoachwa: kapasita hudhoofika, viungio hushika kutu, panya hutafuna nyaya. Siku ya kufunguliwa hutangazwa magazetini. Siku ya kusikika tena yaweza kuwa nyingine kabisa, na chanzo kinachoweza kuionyesha ni daftari la fundi, lenye saa ya kuwasha, nguvu iliyotoka, nguvu iliyorudi, joto la mtambo na lita za mafuta. Madaftari ya namna hiyo huhesabiwa kuwa karatasi za kazi, hutumika kuwashia moto au hufungiwa karanga sokoni. Idara za historia na za lugha zinazokusanya hotuba na vipindi zingeweza kuyaomba kabla hayajafika huko.