Kipimo cha Dawa ya Mtoto: Kutoka Kanuni ya Umri hadi Kidonge cha Kuyeyusha

Kwa sehemu kubwa ya historia ya utabibu wa kisasa, kipimo cha dawa ya mtoto hakikutafutwa kwa mtoto mwenyewe, bali kilimegwa kutoka katika kipimo cha mtu mzima. Mwaka 1813 Thomas Young, tabibu wa Uingereza ambaye ndiye huyo huyo aliyechunguza tabia ya mwanga na kusaidia kusomeka kwa maandishi ya kale ya Misri, alichapisha kitabu cha elimu ya tiba kinachohusishwa na kanuni inayobeba jina lake: umri wa mtoto kwa miaka ugawanywe kwa umri huo huo uliojumlishwa na 12, na jibu ndilo liwe sehemu ya dozi ya mtu mzima atakayopewa. Kwa hesabu hiyo mtoto wa miaka minne alistahili robo. Ilifuata kanuni ya Clark, iliyogawanya uzito wa mtoto kwa ratili 150, yaani uzito uliokadiriwa wa mtu mzima, na ile ya Fried, iliyotumia miezi ya mtoto mchanga badala ya uzito. Kanuni hizi zilimfaa mfamasia aliyehitaji jibu la haraka, lakini zote zilisimama juu ya dhana moja, kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa, na dhana hiyo haikuwa kweli.

Uongo wake ulidhihirika kwa gharama ya maisha ya wachanga. Kloramfenikoli, kiuavijasumu kilichosifiwa sana katika miaka ya 1950, kilitolewa hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati ili kuwakinga na maambukizi, na kipimo chake kilionekana sahihi kwa kila aliyekipigia hesabu kwa uzito. Mwaka 1959 Joan Hodgman na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi ya watoto hao: katika kundi lisilopewa dawa yoyote alifariki takriban mtoto mmoja kati ya watano, ilhali miongoni mwa waliopewa kloramfenikoli walifariki zaidi ya nusu. Tumbo la mtoto lilivimba, ngozi ikageuka rangi ya kijivu, kisha mzunguko wa damu ukaporomoka. Sababu ilikuwa ndani ya ini, ambalo kwa mtoto njiti bado halina vimeng'enya vya kutosha, yaani kemikali za mwili zinazoivunja dawa ili itolewe, na figo nazo zilikuwa changa. Kwa hiyo kila dozi ilikuta mabaki ya dozi iliyotangulia. Waganga hao hawakuwa wazembe, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, kwa kuwa walikosea wakiwa wamefuata hesabu kwa uaminifu.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani Harry Shirkey aliwaita watoto yatima wa tiba, kwa maana kwamba dawa nyingi ziliuzwa bila kupimwa kwa watoto kamwe. Ulaya na Marekani zilichelewa kuyajibu malalamiko hayo kwa sheria, na Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu za watoto mwaka 2007 tu.

Wakati huo kosa jingine liliendelea majumbani, mbali na macho ya wataalamu. Dawa ya maji iliandikiwa vijiko, na kijiko cha chai kilichokadiriwa kuwa mililita 5 hakikulingana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nchini Marekani parasetamoli ya matone ya wachanga ilikuwa kali mara tatu kuliko ile ya maji ya watoto wakubwa, hivyo mzazi aliyehamia chupa ya matone bila kubadilisha kipimo alimzidishia mwanawe dawa. Ni mwaka 2011 ndipo watengenezaji walipokubaliana kuwa na ukali mmoja wa miligramu 160 katika mililita 5. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2016, uliohusisha wazazi zaidi ya 2,000, uligundua kwamba zaidi ya wanne kati ya watano walikosea kipimo angalau mara moja, na kwamba kikombe kilipotosha zaidi kuliko bomba la sindano lisilo na sindano. Kumlaumu mzazi kwa makosa ya aina hiyo si haki, maana alikabidhiwa chombo kisichoweza kupima.

Afrika Mashariki ilipita njia yake yenyewe, kwa sababu malaria haikusubiri mizani wala mfamasia. Mwaka 2002 Uganda ilianza kugawa kupitia wahudumu wa vijijini pakiti zilizoitwa HOMAPAK, zenye klorokwini pamoja na SP (sulfadoksini na pirimethamini), nyekundu kwa watoto wasiotimiza miaka miwili na kijani kwa wa miaka miwili hadi mitano. Rangi ilichukua nafasi ya hesabu, na mama asiyejua kusoma aliweza kutoa dozi kamili. Kenya na Tanzania Bara zilipohamia dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini mwaka 2006, kipimo kilifuata uzito: kidonge kimoja kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, viwili hadi chini ya 25, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Lakini kidonge hicho kilikuwa kichungu. Kiliposagwa, mtoto alikitema au kukitapika, na hakuna aliyejua ni kiasi gani kimebaki tumboni. Kidonge kitamu cha kuyeyusha kwenye maji kilijaribiwa kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, kikaonekana kutibu sawa na kile cha kusagwa, na kuanza kusambazwa mwaka 2009.

Walibaki nje wachanga wa chini ya kilo 5, ambao kwa miaka mingi walitibiwa kwa kukadiria. Kidonge chao kiliidhinishwa Uswisi Julai 2025, na Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshiriki kukitathmini. Hakikupatikana kwa kugawanya kile cha zamani: ndani yake lumefantrini ni mara 12 ya artemetha badala ya mara 6, kwa kuwa ini la mchanga huiondoa artemetha polepole zaidi.