F3F: Mbio za ndege za rimoti zisizo na injini
Ndege inakimbiaje bila injini? Kwenye F3F, kazi hiyo inafanywa na upepo.

Upepo ukigonga mteremko wa kilima hupanda juu na kuibeba ndege. Ikisharushwa kwa mkono, rubani aliyesimama ukingoni na rimoti ana sekunde 30 tu za kuanza mbio. Anakimbiza ndege mara 10 kati ya alama mbili zilizoachana mita 100, jumla kilomita 1. Kila ikifika alama, mwamuzi anabonyeza honi na rubani anakata kona fasta.

Mwenye muda bora kwenye raundi anapata pointi 1,000. Wengine wanapewa kulingana na muda wake.

Kasheshe ni kwamba kila mtu anarusha peke yake. Wewe upepo unakubeba, mwenzako unamtupa. Ndiyo maana raundi huwa nyingi, na upepo ukishuka chini ya mita 3 kwa sekunde au kuzidi 25, mbio husimamishwa.

Ubingwa wa kwanza wa dunia ulifanyika 2012 kisiwani Rügen, Ujerumani.