Haima: Neno la Kigiriki Kwenye Kadi ya Kliniki

Kwenye kliniki ya wajawazito, muuguzi hutoboa ncha ya kidole, hukamua tone moja la damu na kulipima. Kisha huandika kwenye kadi herufi mbili, HB, na tarakimu pembeni yake. Ikiwa chini ya 11, mama huambiwa kwamba damu yake ni pungufu. Herufi hizo mbili ni kifupi cha hemoglobini, na ile H ni mabaki ya haima, neno ambalo kwa Kigiriki maana yake ni damu tu.

Safari yake kwenye vitabu vya tiba ilianza katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, katika maandiko yanayobeba jina la tabibu Mgiriki Hippocrates. Waandishi wake waliunganisha haima na kitenzi cha kutiririka, wakapata haimorrhoides, yaani mishipa inayotiririsha damu. Ndio ugonjwa ambao Waswahili, kwa kuazima kwa Waarabu, wanauita bawasiri. Walipounganisha haima na kitenzi cha kupasuka wakapata haimorrhagia, kutokwa na damu kwa wingi. Kwa mgonjwa wa kisiwa cha Kos, nyumbani kwa Hippocrates, maneno hayo hayakuwa na fumbo lolote. Aliyasikia kama mtu wa Tanga anavyosikia “kuharisha” au “kuvimba”.

Fumbo lilikuja baadaye, maneno yalipohama nyumbani. Warumi waliyaandika kwa tahajia ya Kilatini, ai ikawa ae, na ndiyo maana hadi leo Mwingereza huandika haemo- na Mmarekani hemo-. Karne ya 19 ilipofika, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakigundua vitu vipya vingi kuliko majina waliyokuwa nayo. Wakarudi kwenye ghala la Kigiriki, wakachota kiambishi awali hicho hicho tena na tena.

Si kila walichobandika kilikaa sawa. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Hopff, mwanafunzi wa tabibu Schönlein, aliandika juu ya watu wanaotokwa na damu bila kukoma, na ugonjwa wao akauita hemofilia. Ukilichambua, neno hilo ni “kupenda damu”. Mgonjwa mwenyewe hana mapenzi yoyote na damu. Yake haigandi ipasavyo, basi. Leopold, mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa nao, akafa mwaka 1884 baada ya kuteleza na kuanguka. Alexei, kitukuu wa malkia huyo na mrithi wa kiti cha enzi cha Urusi, aliurithi pia.

Hemoglobini ilibahatika zaidi. Felix Hoppe-Seyler, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya ngome kongwe ya Tübingen, aliipa jina hilo mwaka 1864 kwa kuunganisha damu na globulini, aina ya protini. Ni protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya seli nyekundu, na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni.

Kuna pia jina lililozaliwa kwa kosa na halijafutwa. Mwaka 1892, mafua makali yalipokuwa yakiitesa dunia, Richard Pfeiffer alikuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa, akaamini amemkamata mkosaji. Kwa kuwa bakteria huyo hatosheki na chakula cha kawaida cha maabara bali hutaka viini vya damu ili akue, baadaye aliitwa Haemophilus influenzae: mpenda damu wa mafua. Mwaka 1933 ikathibitika kwamba influenza huletwa na kirusi. Bakteria akabaki na jina la kesi ambayo hakuhusika nayo. Ana kesi zake nyingine, zikiwemo homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto, na aina yake ya b ni mmoja wa maadui watano wanaolengwa na chanjo ya pentavalenti.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia hemoglobini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa ambao seli zao nyekundu hujikunja wana hemoglobini ya aina tofauti. Mwaka huo huo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo: waliobeba urithi wa hemoglobini hiyo walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache mno kwenye nyanda za juu. Ilikuwa kama kutazama ramani ya malaria.

Baadaye alipima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala. Kati ya 43 waliobeba urithi huo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioubeba, walikuwa 113. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1954. Urithi wa mzazi mmoja humkinga mtoto na malaria kali. Ukitoka kwa wote wawili, humwachia ugonjwa wa maisha.

Ugonjwa huo Watanzania wanauita selimundu, kwa sababu seli iliyojikunja inafanana na mundu wa kukatia majani. Mgonjwa akivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kalemie nchini Kongo, daktari aliyesoma kwa Kifaransa atamwandikia drepanositozi. Drepanon, kwa Kigiriki, ni mundu.

Wachumba wanaotoka pwani au kandokando ya Ziwa Victoria wana sababu ya kwenda kupima kabla ya ndoa. Wote wawili wakiwa wamebeba urithi huo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumzaa mtoto mwenye selimundu.