Nani Anazungumza na Nani? Malalamiko ya Wasikilizaji wa Muziki wa Klasiki katika Redio ya Uingereza, 1946–2011

Historia ya utangazaji imezoeleka kuandikwa kutoka upande wa studio: nani aliteuliwa kuongoza, kipindi gani kilianzishwa, kipi kilifutwa. Katika historia ya namna hiyo msikilizaji huonekana kama tarakimu tu. Hata hivyo, msikilizaji naye ana utanzu wake wa usemi, nao ni lalamiko. Makala hii inafuatilia malalamiko ya wasikilizaji wa muziki wa klasiki katika redio ya umma ya Uingereza. Mara nyingi malalamiko hayo yamechukuliwa kuwa ni majivuno ya watu wachache wa tabaka la juu. Hoja yetu ni kwamba majivuno yalikuwamo, lakini kiini cha mgogoro kilikuwa swali la lugha: mtangazaji anapofungua kinywa, anamchukulia anayemsikiliza kuwa ni nani?

Tarehe 29 Septemba 1946, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilianzisha Third Programme, idhaa ya jioni iliyotengewa muziki, tamthilia na mazungumzo ya kitaalamu. Mkurugenzi Mkuu wa wakati huo, William Haley, aliiwaza hadhira kama piramidi. Msikilizaji angeanzia Light Programme, apande hadi Home Service, na hatimaye afike kwenye kilele. Ratiba ya idhaa hii haikufungwa na saa maalumu za vipindi, hivyo opera au simfonia ilipewa muda wake wote. Mtangazaji alitaja mtunzi, kazi na waimbaji au wapigaji, kisha akanyamaza.

Unyamavu huo ulikuwa na sura mbili. Kwa aliyeujua muziki, ulikuwa heshima, kwa kuwa hakuamrishwa aone nini wala ahisi nini. Kwa asiyeujua, ulikuwa ukuta. Lafudhi ya watangazaji, ambayo ilikuwa ya wasomi wa kusini mwa Uingereza, iliuongezea ukuta huo urefu. Ngazi ya Haley ilikuwapo katika mpango, lakini hakukuwa na wa kumshika mkono mpandaji. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwani walalamikaji wa baadaye walipoitetea enzi hiyo aghalabu walizungumzia sura ya kwanza na kuisahau ya pili.

Mgogoro mkubwa wa kwanza ulizuka mwaka 1957. Televisheni ilikuwa imekwisha kuwavuta watu jioni, hasa baada ya televisheni ya kibiashara kuanza mwaka 1955, na wasikilizaji wa Third Programme walikuwa wachache mno. BBC ikatangaza kupunguza saa za idhaa hiyo kutoka takriban 40 kwa wiki hadi 24. Wasikilizaji waliunda chama cha kuitetea, na miongoni mwa waliowaunga mkono walikuwamo mshairi T. S. Eliot, mtunzi Ralph Vaughan Williams na mwigizaji Laurence Olivier. Hawakufanikiwa. Hata hivyo, waliacha hoja iliyorudiwa kwa miongo iliyofuata: redio inayoendeshwa kwa ada ya umma haiwezi kupima thamani ya kipindi kwa wingi wa masikio pekee, kwa sababu wachache nao wamelipa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mwaka huo una kumbukumbu nyingine. Tarehe 27 Juni 1957, BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Hatudai kwamba tukio moja lilisababisha jingine. Tunachoona ni kwamba shirika lile lile lilikuwa likiamua, kwa wakati mmoja, ni nani wa kusemeshwa zaidi na ni nani wa kusemeshwa kidogo. Katika hali zote mbili hadhira ilichorwa kwanza mezani, kisha ndipo ikazungumzwa nayo.

Julai 1969 BBC ilichapisha waraka wake kuhusu utangazaji wa miaka ya sabini. Waraka huo ulipendekeza kila idhaa iwe na aina moja ya maudhui. Safari hii upinzani ulitoka hata ndani ya nyumba: mapema mwaka 1970 wafanyakazi zaidi ya 100 wa BBC walitia saini barua ya kupinga katika gazeti la The Times. Mabadiliko yalifanyika mwezi Aprili mwaka huo. Jina la Third Programme likatoweka, na Radio 3 ikabaki kuwa zaidi idhaa ya muziki. Piramidi ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa vyumba vilivyopangwa sambamba. Katika vyumba hivyo msikilizaji hakutarajiwa kupanda popote. Alitarajiwa kukijua chumba chake na kukaa humo.

Sura ya malalamiko ilibadilika tarehe 7 Septemba 1992, Classic FM ilipoanza. Hii ilikuwa redio ya kwanza ya kibiashara kusikika Uingereza nzima. Iliteua sehemu moja ya simfonia badala ya simfonia yote, ikaitanguliza kwa maneno ya kirafiki, na katikati ikaweka matangazo ya biashara. Ilipata mamilioni ya wasikilizaji na kuipita Radio 3 kwa mbali. Chini ya Nicholas Kenyon, Radio 3 nayo ilianza kulegeza usemi wake. Mwaka 1995 ilimleta Paul Gambaccini, aliyejulikana zaidi kwa muziki wa pop, aendeshe kipindi cha asubuhi. Ukosoaji ulikuwa mkali magazetini, na mwaka uliofuata aliondoka.

Tangu hapo lalamiko halikuhusu tena idadi ya saa. Lilihusu maneno. Wasikilizaji walinung'unikia kazi zilizokatwa vipande na sauti ya mtangazaji iliyoingia kabla mlio wa mwisho haujafifia. Walinung'unikia pia vivumishi vya sifa vilivyomtangulizia msikilizaji hisia, na ujumbe wa wasikilizaji wengine uliosomwa hewani. Mwaka 2003 baadhi yao waliunda chama cha Friends of Radio 3 ili kuyapa madai hayo sauti ya pamoja.

Lalamiko hilo la mwisho linahitaji tahadhari. Katika redio za Afrika Mashariki, kusomwa kwa majina katika vipindi vya salamu kumekuwa furaha ya wasikilizaji kwa miongo mingi. Mtu hutega sikio hasa ili alisikie jina lake na ya jamaa zake. Kwa hiyo, tendo lenyewe si adabu wala si utovu wa adabu. Hukumu hutokana na mapatano yaliyopo baina ya redio na wanaoisikiliza. Msikilizaji wa salamu ameahidiwa jamaa. Msikilizaji wa simfonia aliahidiwa kazi kamili na kimya cha kuipokea. Anayelalamika anasema kwamba mapatano yamebadilishwa bila yeye kuulizwa.

Je, malalamiko hayo yaliwahi kuleta tofauti? Mwaka 2007 Radio 3 ilipunguza sana matamasha ya jioni yaliyotangazwa mubashara, na badala yake ikatumia yaliyorekodiwa. Wasikilizaji walipinga, wakidai kwamba tamasha linaloendelea kuchezwa wakati huo huo ni tukio, ilhali rekodi ni kumbukumbu ya tukio. Mwaka 2011 matamasha mubashara yalirejeshwa kila jioni ya siku za kazi. Hatuwezi kusema kwamba barua za wasikilizaji peke yake ndizo zilizoyarejesha. Tunaweza kusema kwamba walichokidai kilikuwa kitu kinachowezekana, si ndoto ya waliozeekea katika enzi iliyopita.

Mtafiti wa lugha ya utangazaji, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili, ana la kujifunza hapa. Mtangazaji wa 1946 alimdhania msikilizaji kuwa anajua, na hivyo akamfungia nje asiyejua. Mtangazaji wa 1995 alimdhania kuwa hajui, akamchosha anayejua. Kila mmoja wao alikuwa na msikilizaji aliyembuni mwenyewe. Lalamiko ni mahali ambapo msikilizaji halisi anamsahihisha yule wa kubuniwa. Ndiyo maana barua zake zinastahili kuhifadhiwa na kusomwa kwa makini ule ule tunaowapa watangazaji na vipindi vyao.