Mpira wa Ridhaa Kwa Mathias

Mkoa wa Pwani una misimu yake, na kila mkulima anaijua. Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Kisha huja kipupwe, chenye upepo wa baridi na umande wa asubuhi, na vuli hufuata kuelekea mwisho wa mwaka. Kwetu sisi tunaokaa Kwa Mathias, hapa Kibaha kando ya barabara ya Morogoro, katikati ya masika na vuli upo msimu mwingine ambao haumo katika kalenda ya kilimo. Huo ni msimu wa wanachuo. Vyuo vinapofungwa vijana hurudi kwa wazazi wao na mabegi mgongoni, na haipiti wiki mbili utasikia kipenga.

Sizungumzii mpira wa Simba na Yanga, ambao una wasemaji wa kutosha. Nazungumzia timu za likizo. Hizi ni timu zisizo na ofisi wala mlezi. Huundwa na vijana wanaosoma vyuo mbalimbali na kuvunjika wenyewe wanaporudi masomoni. Watu wazima wengi huziona kuwa ni njia ya vijana kupoteza wakati. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, na nadhani timu hizi zina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na zina somo ambalo darasani tulilifundisha kwa shida.

Tuanze na historia. Mchezo huu wenyewe ulipata sheria kwa sababu ya wanachuo. Mwaka 1848 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikaa pamoja kuandika kanuni, maana kila mmoja alikuwa ametoka katika shule yenye namna yake ya kucheza, na walipokutana uwanjani hawakuelewana. Miaka 15 baadaye, mwaka 1863, Chama cha Mpira cha Uingereza kilianzishwa jijini London na kuandika sheria zake, ambazo ndizo mama wa sheria tunazozifuata leo. Kwa hiyo kabla ya kuwapo klabu kubwa, viwanja vya saruji na mishahara, walikuwapo vijana wa chuo waliogombana, wakachoka kugombana, wakaandika.

Hapa Afrika Mashariki mpira uliingia kwa milango mingi: mabaharia, askari, makarani, na shule. Mlango wa shule unatuhusu sana sisi wa Pwani. Mwaka 1869 wamisionari wa UMCA walianzisha chuo cha Kiungani, Zanzibar, mahali walipoandaliwa walimu na wahudumu wa kanisa. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye walikuja vijana kutoka bara, kama vile Magila na Masasi. Kabla karne ya 19 haijaisha kandanda lilikuwa likichezwa Kiungani, na kijana aliyemaliza masomo alirudi kwao na vitabu, na pia na mchezo alioujua. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamia Minaki, katika vilima vya Kisarawe, jirani zetu hapa. Ndiyo kusema ukoo mmoja wa wanachuo wenye mpira umekuwa ukiishi katika wilaya hizi kwa karibu miaka mia moja.

Vijana hao hawakubaki na mpira peke yake. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922. Chama hicho kinatajwa na wanahistoria kuwa miongoni mwa mizizi ya siasa za nchi hii. Sisemi kwamba mpira ulileta siasa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoea kuchagua nahodha, kukusanya michango na kumtii mwamuzi asiyempenda, amekwisha jifunza nusu ya kazi ya kuendesha chama.

Baada ya uhuru serikali iliupa jambo hili uzito. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Shule za sekondari zikawa na UMISSETA, za msingi UMITASHUMTA, na vyuo vya ualimu vikawa na UMISAVUTA. Hata hapa Kibaha tulikuwa na mfano mzuri. Kituo kilichojengwa kwa makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, hakikuwa cha madarasa na hospitali tu. Wanafunzi wa Kibaha Sekondari, iliyofunguliwa mwaka 1965, walicheza pia. Wakati wote huo neno lililotumika lilikuwa moja: michezo ya ridhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Katika pengo lile mpira wa vijana haukufa, kwa sababu haukuwa mali ya ofisi. Uliishi katika viwanja vya mchanga, wakati wa likizo.

Ndiyo maana mwaka 2023 niliamua kuifuata timu moja ya hapa Kwa Mathias tangu mazoezi ya kwanza hadi mechi ya mwisho. Sitaitaja jina, wala sitawataja vijana, maana ni watoto wa jirani zangu. Walikuwa 18. Mmoja alisoma kilimo Morogoro, watatu walitoka Dodoma, wengi walisoma Dar es Salaam, na wawili walikuwa katika chuo cha ualimu, jambo ambalo kwangu lilikuwa na ladha yake. Mweka hazina alikuwa binti anayesomea uhasibu. Hakucheza, lakini bila yeye timu isingefika mwezi wa pili.

Juma la kwanza lilikuwa la ubishi. Kila mmoja alikuja na mpira wa chuo chake. Wa Dodoma walitaka pasi fupifupi; yule wa Morogoro, ambaye alikuwa beki, aliamini kwamba mpira ukifika kwake lazima uende mbali kabisa. Hawakukubaliana hata juu ya saa ya mazoezi. Siku ya nne nahodha aliwakalisha chini ya mwembe, akatoa daftari, na wakaandika mambo sita: saa, mchango wa shilingi 2,000 kwa wiki, faini ya kuchelewa, nani analinda mpira, nani anazungumza na mwamuzi, na kwamba anayetaka kuondoka aage. Niliposoma daftari lile niliwakumbuka wale wa Cambridge, ingawa vijana wetu hawakuwa na habari nao.

Uwanja wao ulikuwa na milingoti ya mirunda na mistari ya majivu. Jezi zilikuwa za rangi mbili, kwa sababu zilitokana na timu mbili za zamani. Mashindano waliyoingia yaliandaliwa na vijana wenzao wa mitaa ya Kibaha na Kisarawe, na zawadi ilikuwa mbuzi. Kanuni ilikuwa kwamba kila mchezaji awe mwanachuo aliye likizo, na aonyeshe kitambulisho kabla ya mechi. Walipoteza mechi ya kwanza mabao matatu kwa sifuri. Ya pili walitoka sare. Kisha pasi fupi na mpira wa mbali vikaanza kuelewana, wakashinda mara nne mfululizo, na watu wa mtaani, wakiwamo mama lishe na madereva wa bodaboda, wakaanza kuacha shughuli zao saa kumi jioni.

Mwezi wa Agosti matatizo mawili yalikuja kwa pamoja. La kwanza lilimhusu mshambuliaji wao, kijana aliyekuwa amefunga mabao mengi kuliko wote. Timu moja ya ndondo ya Dar es Salaam ilimwita akacheze kwa malipo ya kila mechi. Alikuja mazoezini akasema mbele ya wenzake: "Ndugu zangu, nina deni la ada. Naomba mniruhusu." Kukawa kimya. Mmoja alinong'ona neno "msaliti", lakini nahodha akamkatiza. Wakafungua daftari, wakasoma lile jambo la sita, wakamruhusu.

La pili lilitokana na la kwanza. Nusu fainali ilikuwa imebaki juma moja, na timu haina mfungaji. Mfanyabiashara mmoja, mshabiki wao mkubwa, akajitolea kuwanunulia jezi mpya na viatu, kwa sharti kwamba waingize wachezaji wawili aliowajua yeye, watu wazima wa timu ya ligi, ambao wangetengenezewa vitambulisho vya chuo. Katika michezo ya shule tunawaita mamluki, na ni ugonjwa wa miaka mingi. Vijana walibishana hadi giza likaingia. Waliotaka hawakuwa wabaya. Walisema kila timu inafanya hivyo, na kwamba mtaa mzima unawategemea. Nahodha alinigeukia: "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nilimjibu kwamba timu ni yao na daftari ni lao. Wakapiga kura. Waliokataa walikuwa 10, waliokubali 7.

Nusu fainali ilichezwa upande wa Kisarawe. Walisafiri kwa lori dogo la kukodi, wakisimama nyuma na kuimba. Walicheza vizuri, wakafungwa mabao mawili kwa moja, bao la pili likiingia dakika za mwisho. Waliporudi mtaani walizomewa. Yule mfanyabiashara hakuwasemesha kwa muda, na wapo waliowaambia kuwa elimu imewapumbaza.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu ni rahisi kulitukuza jambo hili kupita kiasi. Uingereza kulikuwa na timu maarufu ya ridhaa iliyoitwa Corinthian, iliyoanzishwa mwaka 1882, ambayo wachezaji wake wengi walitoka vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Kwa muda mrefu kanuni zao ziliwakataza kushindania vikombe. Inasimuliwa hata kwamba walikataa kufunga penalti, wakiamini kuwa muungwana hawezi kumchezea mwenzake vibaya kwa makusudi. Walizunguka dunia, na klabu ya Corinthians ya São Paulo, Brazili, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilichukua jina kutoka kwao. Ni sifa nzuri. Lakini watu wale walikuwa na mali. Kukataa malipo hakukuwapunguzia chakula, na wako walioutumia uridhaa kumfungia mlango mtoto wa mfanyakazi. Kule Marekani nako wanachuo hucheza soka katika timu za ridhaa wakati wa likizo ya kiangazi, na kwa miaka mingi waliolipwa walipoteza haki ya kuchezea vyuo vyao, hata kama wazazi wao walikuwa maskini.

Kijana wetu mwenye deni la ada hawezi kupimwa kwa kipimo cha Corinthian. Kama ridhaa maana yake ni kucheza bure tu, basi ni anasa ya wenye nacho, na yule mshambuliaji alistahili kuitwa msaliti. Lakini lugha yetu ina hekima kuliko hivyo. Ridhaa si bure. Ridhaa ni kukubali. Ni ndugu wa neno radhi, lile ambalo mzazi humpa mtoto na ambalo mtu huliomba anapoondoka. Mchezaji wa ridhaa ni yule aliyekubali mwenyewe, bila kusukumwa, na akishakubali anabanwa na alichokubali. Kwa maana hiyo aliyeondoka kwa kuomba ruhusa alibaki kuwa mtu wa ridhaa, hata alipolipwa. Na wale mamluki wawili wasingekuwa watu wa ridhaa hata kama wangecheza bila kulipwa senti moja, kwa sababu kuwapo kwao kungesimama juu ya uongo.

Jambo lililotokea baada ya kufungwa ndilo lililonithibitishia. Timu ilikuwa inadaiwa shilingi 60,000, sehemu ya nauli ya lori. Mashindano kwao yalikuwa yamekwisha, mbuzi amekwenda kwa wengine, na baadhi yao walikuwa wakifunga mizigo. Hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha. Jumapili ile binti mweka hazina alikaa chini ya mwembe na daftari lake, na wakaja mmoja mmoja. Aliyekuwa na elfu tano alitoa, na aliyekosa alileta kuku, akauzwa hapohapo. Jioni zilipungua shilingi 4,000. Simu ya binti ikalia: fedha zimeingia, 4,000 kamili, kutoka kwa yule mshambuliaji aliyekuwa Dar es Salaam. Nahodha alikuwa amemweleza hesabu. Hakuwapo ndani ya lori lile, wala hakucheza mechi ile.

Tuliosomea ualimu tulifundishwa kuandika malengo ya somo kabla ya kuingia darasani: mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze kufanya hiki na kile. Nimeandika malengo hayo maelfu ya mara, na machache niliyaona yakitimia mbele ya macho yangu kama lile la Jumapili. Vijana wale sasa wametawanyika. Baadhi watakuwa wahasibu wa halmashauri, wengine mabwana shamba na walimu, na watakabidhiwa fedha zisizo zao katika vyumba visivyo na watazamaji. Siku hiyo hakuna atakayewauliza walifunga mabao mangapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likizo ikifika na ukawaona wanachuo wakichota majivu jikoni kwako ili wachore mistari, usiwafukuze. Wape majivu. Na ukiweza, waulize kama wana daftari.