Macho ya Mtaa: Ulinzi wa Majirani, kutoka Mji Mkongwe hadi London

Katika mitaa mingi ya London, kwenye nguzo ya taa au kioo cha dirisha, utakuta kibao kidogo kinachotangaza kwamba mtaa huo unalindwa na majirani wenyewe. Mpango huu ulianza hapa Uingereza mwaka 1982 katika kijiji cha Mollington, Cheshire, kisha ukaenea nchi nzima. Wakaazi hupeana habari za wizi, humwangalizia nyumba aliyesafiri, na lile linalowashinda hulipeleka polisi. Ni jambo la kheri. Hata hivyo, katika familia nizijuazo zilizotoka Unguja na Pemba, wazee wengi hawataki majina yao yaandikwe. Vijana wao hushangaa, wakadhani ni uvivu au ugeni. Mimi naona sababu yake ni ya kihistoria, na inafaa ielezwe maadamu wanaoikumbuka bado tunao.

Tuanze na Mji Mkongwe. Dola ilikuwa na walinzi wake. Waarabu wa Oman walijenga Ngome baada ya Wareno kuondoshwa mwishoni mwa karne ya 17. Wakati wa Seyyid Said bin Sultan kulikuwa na askari wa Kibuluchi. Na mwaka 1877, chini ya Seyyid Barghash, Lloyd Mathews, afisa wa jeshi la majini la Kiingereza, alianza kufundisha kikosi kipya. Lakini askari hao walilinda zaidi jumba la mfalme, bandari na hazina. Vichochoro vya Kiponda, Malindi au Sokomuhogo vililindwa na baraza.

Baraza lilijengwa pamoja na nyumba, likaambatana na ukuta wa mbele. Baada ya alasiri watu walikaa hapo wakizungumza, wakinywa kahawa, wakicheza bao. Uchochoro ni mwembamba, kwa hiyo apitaye hupita mbele ya macho ya watu, na adabu inamtaka atoe salamu. Salamu ile ilikuwa na kazi mbili: ilimpa mgeni heshima yake, na hapo hapo ikauliza ni mgeni wa nani. Juu, nyuma ya madirisha, wanawake waliona mengi ambayo wanaume wa barazani hawakuyaona. Mtoto mtukutu alionywa na mzee yeyote. Ukelele wa "Mwizi!" ulitoa watu nyumba kumi kwa mara moja. Waarabu husema al-jar qabla al-dar, yaani mtafute jirani kabla ya kutafuta nyumba, na wazee wetu waliufuata msemo huo waliponunua nyumba na walipooza.

Macho hayo yalikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mlango. Apigaye hodi hufundishwa kusimama kando, asichungulie, na akipiga mara tatu bila jibu arudi zake. Sheria iliyosimama nyuma ya adabu hii ni ya kale. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inakataza kupelelezana. Vitabuni husimuliwa kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab, aliyekuwa akizunguka Madina usiku kuwalinda watu. Usiku mmoja alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa moja, Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha. Al-Mawardi, faqihi wa Baghdad wa karne ya 11, anapoeleza kazi ya muhtasib, anasema si juu yake kuchimbua yaliyofichika, isipokuwa pakiwa na hofu ya jambo lisiloweza kurekebishwa, kama mtu kuuawa. Linalodhihiri njiani ni la mtaa. Lililofungiwa mlango ni la mwenyewe.

Waingereza nao walipita njia hiyo. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliamuru milango ya miji yenye kuta ifungwe tangu jua kuzama hadi kuchomoza, zamu ya usiku iwekwe, na mgeni asiyejulikana ashikwe mpaka asubuhi. Mwizi akionekana, ilibidi ukelele upigwe na wote wamfuate. Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, wananchi wengi hawakufurahi, wakihofia majasusi wa namna iliyojulikana Ufaransa. Ndiyo maana askari walivishwa sare ya buluu: waonekane wazi, wala wasifanane na wanajeshi wa koti jekundu. Mwaka 1833 ilipogundulika kwamba sajenti mmoja, William Popay, alijipenyeza kwa siri katika chama cha siasa, kamati ya Bunge ilimlaumu naye akafukuzwa kazi. Waingereza wa wakati ule, bila kumsoma al-Mawardi, waliijua tofauti ya mlinzi na mpelelezi.

Sisi kwetu tofauti hiyo ilipotea kwa hatua mbili, na haifai tudai kwamba yote yaliharibika kwa usiku mmoja. Hatua ya kwanza ni ile inayoitwa Zama za Siasa, tangu uchaguzi wa Julai 1957. Mabaraza yakawa ya vyama: hili la Hizbu, lile la Afro-Shirazi. Majirani waligomeana maduka, wengine hata maziko. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Mtaa ambao watu wake hawazikani hauna tena ulinzi, hata ukiwa na baraza kila mlango.

Hatua ya pili ni ya Januari 1964. Baada ya silaha za polisi kutekwa Ziwani na Mtoni na serikali kupinduliwa, macho ya mtaa yalipewa bwana mpya. Matawi ya ASP yakawa masikio ya dola, na idara ya usalama ikajengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Bara, TANU ilikuwa ikieneza mfumo wa nyumba kumi kumi, na vyama viwili vilipoungana mwaka 1977 kuwa CCM, balozi wa nyumba kumi akawa mtu wa kawaida nchi nzima. Uadilifu unatutaka tuseme kwamba mabalozi wengi walisuluhisha ndoa, waliwajua wagonjwa na walisaidia kukamata wezi. Tatizo lilikuwa mahali alipopeleka habari: juu, kwenye chama. Hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, sheha anayeweka kumbukumbu za wakaazi huteuliwa na serikali, na neno lake juu ya nani ni mkaazi limezua mabishano makubwa katika uandikishaji wa wapiga kura.

Mzee aliyeishi miaka ile alijifunza kushusha sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipofika London alifunga mapazia, na kibao cha majirani hukisoma kwa macho ya kule. Wala hofu hiyo si ya wazee peke yao. Tangu sheria ya mwaka 2015 iliyozipa shule na hospitali wajibu wa kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, wazazi vijana nao wanauliza maneno ya watoto wao yanafika wapi.

Lakini kujifungia nako kuna gharama. Ajuza anayeishi peke yake akianguka ngazini, nani atajua? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwana aliye Muscat au Toronto hawezi kusukuma mlango wa mama yake London. Na mtaa wa wageni usiojilinda unaweza kudhurika vibaya. Mei 1978, Altab Ali, kijana Mbengali, aliuawa Whitechapel kwa chuki ya rangi. Maelfu waliandamana na jeneza lake hadi Downing Street, na vijana wa Brick Lane wakasimama kuulinda mtaa wao hadharani.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu wasikatae kabla ya kuuliza, na maswali ni matatu. Je, mlinzi anajulikana na wote? Je, anaishia mlangoni? Na anamjibu nani: majirani wanaoweza kumwondoa, au mkubwa wasiyemwona? Majibu yakiwa mema, hilo ni baraza, hata kama halina jiwe wala kahawa, na tunaweza kuandika majina yetu. Yakiwa mabaya, tuna haki ya kukataa, na tuwaeleze vijana kwa nini.

Kuna na jukumu jingine lililo mikononi mwetu. Kila familia iandike mtaa wake: baraza lilikuwa wapi, nani walikaa, nani alisuluhisha, na lini watu waliacha kusalimiana. Nyaraka za serikali zimehifadhi upande wa waliokuwa wakiangalia. Upande wa walioangaliwa uko kwa wazee wetu, na wanapungua kila mwaka.